Mnyama Wako Akila Sumu, Itafute Sumu Yenyewe

Majirani zangu hapa Tororo wanajua kwamba nimefuga mbwa na paka kwa muda mrefu, na mara kwa mara mmoja wao hubisha mlango akiuliza ampe nini mbwa wake aliyekula sumu. Mara nyingi huwa tayari ameshika bakuli la maziwa. Jibu langu siku zote huanza na swali: amekula sumu gani? Swali hilo huwakera watu, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu anayemwona mnyama wake akitetemeka chini hataki kuulizwa maswali. Hata hivyo hakuna swali jingine lenye uzito zaidi. Sumu inayomtoa mbwa udenda ndani ya robo saa haina undugu na ile inayomvujisha damu taratibu siku ya nne, na dawa inayoponya moja inaweza kuwa haina faida yoyote, au ikawa na madhara, kwa nyingine. Kinachomwokoa mnyama si kitu kilichomo jikoni mwetu. Huokolewa kwa kufikishwa mapema kwa daktari wa mifugo, akiwa pamoja na habari za sumu aliyoila.

Kabla ya yote, mwondoe mnyama mahali penye sumu, wafungie wanyama wengine pamoja na kuku, na uwazuie watoto wasisogee. Vaa glavu, na kama huna, funga kavera (mifuko ya plastiki) mikononi, kwa kuwa dawa nyingi za kuua wadudu hupenya kwenye ngozi ya binadamu vilevile zinavyopenya kwenye ngozi ya mbwa. Usitie mkono mdomoni mwa mnyama anayetukutika, hata kama unaona ulimi wake umebanwa na meno. Hapa Uganda ipo sababu nyingine, kubwa kuliko hiyo, ya kutofanya hivyo: kichaa cha mbwa bado kinatuua, na mbwa mwenye kichaa naye hutokwa na udenda, hushindwa kumeza, huyumba na hupata degedege. Sumu kali kwa kawaida humbadilisha mnyama ghafla, asubuhi mzima na mchana yuko hoi, ilhali kichaa hujitokeza kwa siku kadhaa, mbwa akibadilika tabia, akijificha, akiuma vitu ovyo au akibweka kwa sauti iliyokauka. Tofauti hiyo haitoshi kukupa uhakika. Kama mbwa hajachanjwa na amekuuma, au udenda wake umekuingia kwenye jeraha, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungojea kujua hatima ya mbwa.

Sasa itafute sumu. Angalia uani, nyuma ya ghala, kando ya ukuta na chini ya gari. Tafuta pakiti iliyotafunwa, chupa iliyopinduka, nyama au samaki usiyemjua, punje zenye rangi, unga mweusi. Matapishi nayo ni ushahidi, kwa hiyo usiyafagie kwa haraka: chota kiasi ndani ya chupa ya kioo au kavera, ufunge vizuri, uende nayo. Piga picha ya lebo kwa simu endapo chupa yenyewe inavuja na haibebeki. Tatizo letu ni kwamba dawa nyingi huuzwa sokoni zikiwa zimemiminwa kwenye chupa za soda au kufungwa kwenye vikaratasi, bila jina wala maelezo. Hapo mtu wa kumtafuta ni muuzaji, naye humiminia watu kutoka kopo kubwa lenye lebo. Mpigie simu, umwombe akusomee jina la kiambato lililoandikwa kwa herufi ndogo, kwa sababu jina kubwa la biashara peke yake linaweza kumpotosha daktari.

Niliwahi kushuhudia thamani ya simu ya namna hiyo. Jirani mmoja, mama anayeuza nyanya, alimfikisha mbwa wake kwa daktari akiwa amelegea, akiyumba, mapigo ya moyo yakiwa ya polepole mno. Kila aliyekuwepo alisema ni dawa ya nyanya. Daktari alikuwa ameshaivuta kwenye sindano atropini, dawa inayotengua sumu kama hiyo ya shambani, lakini akasita na kuuliza, “Mama, una hakika ni ile ya shambani?” Mama akampigia muuzaji, na muuzaji akasema kwamba mtoto wa nyumba hiyo alikuwa amenunua dawa ya kupe wa ng'ombe. Mbwa alikuwa ameogeshwa kwa amitrazi isiyozimuliwa. Amitrazi nayo hupunguza mapigo ya moyo, ila atropini haipendekezwi kwa mnyama aliyedhurika nayo, kwa kuwa inaweza kupandisha shinikizo la damu na kusimamisha matumbo. Daktari aliiweka kando sindano yake, mbwa akaoshwa kwa sabuni na maji mengi, akatundikiwa dripu, akafunikwa blanketi, na siku zilizofuata akaanza kusimama.

Sumu ninayoihofia kuliko zote katika wilaya za wakulima kama yetu ni ya makundi mawili yanayofanana kwa matendo, organofosfeti na kabameti, yanayopulizwa kwenye nyanya, kabichi na mahindi, na ambayo wahalifu huyapaka kwenye nyama. Mwilini huzuia kimeng'enya kinachosafisha ujumbe wa neva baada ya ujumbe huo kufika, na kwa hiyo neva huendelea kuamrisha bila kukoma. Tezi zote hufunguka: mate, machozi, kamasi, mkojo, kuharisha. Mboni za macho husinyaa, mara nyingi zikawa kama nukta, misuli hurukaruka chini ya ngozi, na moyo mara nyingi hupunguza kasi. Kinachoua hasa ni pumzi, maana njia za hewa hubana na mapafu hujaa ute, na mnyama huzama katika maji ya mwili wake mwenyewe. Dalili zinaweza kuanza baada ya dakika chache. Dawa yake ni atropini, na daktari anayeijua kazi yake hupima mafanikio kwa kuona mate yakikauka na kusikia mapafu yakisafika, wala hatazami mboni za macho peke yake. Atropini haitulizi kutukutika kwa misuli, kwa hiyo huongezewa diazepamu au dawa nyingine ya kutuliza. Aidha, nguvu ya atropini huisha mapema kuliko nguvu ya sumu, jambo linalomaanisha kwamba mbwa aliyeinuka baada ya sindano ya kwanza anaweza kuanguka tena jioni. Usikubali kumrudisha nyumbani mara tu anapotikisa mkia.

Tofauti na hiyo ni sumu ya panya ya unga mweusi wa kijivu, ambayo mara nyingi huwa ni fosfidi ya zinki. Ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi iitwayo fosfini, yenye harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Chakula huongeza asidi tumboni, hivyo kumlisha mnyama posho (ugali) “ili sumu ipungue nguvu” ni kuichochea. Wewe pia uko hatarini: mnyama huyu akitapika ndani ya gari, fungua madirisha yote, na usiinamie matapishi kuyanusa ili uthibitishe nilichoandika hapa.

Kuna sumu nyingine ya panya, ile ya vipande au punje za rangi ya bluu, kijani au waridi, ambayo hufanya kazi kimyakimya. Huzuia mwili kuitumia vitamini K, na bila vitamini hiyo damu haigandi. Mbwa aliyekula leo atacheza kesho na keshokutwa, na baada ya siku tatu hadi tano ndipo atakapoanza kuchoka, kukohoa, kupauka fizi, kuvimba viungo au kutokwa na damu puani na kwenye haja. Humo ndimo watu hupoteza wanyama ambao wangeokolewa kwa urahisi, kwa kuwa walimwona mbwa akitafuna kipande cha sumu, wakamngojea, wakaona hakuna kitu, wakasahau. Usingoje dalili. Akipelekwa siku hiyohiyo anaweza kutapishwa na kupewa makaa ya dawa, yanayonasa sumu tumboni, na akichelewa atahitaji vitamini K1, ambayo kwa sumu za kisasa za kundi hili hutolewa kila siku kwa wiki tatu au nne. Nasisitiza K1, kwa sababu K3, aina nyingine ya vitamini hiyo, haiwezi kuitengua sumu hii. Dozi isikatizwe kwa sababu mbwa anaonekana mzima, na damu yake ipimwe siku mbili hivi baada ya kidonge cha mwisho, kama maabara ipo.

Paka anahitaji uangalifu wa namna yake. Ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali kadhaa ambazo mbwa na binadamu huzimudu, na tabia yake ya kujilamba humfanya ale kila kilichomwagikia manyoya yake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ikipakwa paka humtetemesha na inaweza kumwua. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500, ambacho mtu humpa paka mwenye homa kwa nia njema kabisa, kinaweza kummaliza: fizi hugeuka rangi ya udongo au ya buluu, uso na nyayo huvimba, pumzi hukatika. Ipo dawa ya kuitengua, asetilisisteini, na hospitali za watu nazo huitumia kwa wagonjwa waliozidisha paracetamol, kwa hiyo mtajie daktari jina la kidonge bila kuona haya. Kama sumu iko kwenye manyoya, mfunge paka kwa taulo asijilambe, kisha muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza sana, umkaushe asipate baridi.

Nirudi kwenye bakuli la maziwa. Maziwa hayatengui sumu yoyote kati ya hizi nilizozitaja. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, maana sumu nyingi za wadudu huyeyuka katika mafuta na kufyonzwa kwa urahisi, na mbwa asiyeweza kumeza vizuri hupaliwa nayo yakaingia mapafuni, ambako huleta nimonia hata kama sumu imeshindwa. Maji ya chumvi yanaweza kupandisha chumvi ya damu hadi mnyama apate degedege jipya juu ya lile la sumu. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si yale ya hospitali: makaa ya dawa hutengenezwa kwa namna inayoyajaza vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja huwa na uso wa ndani unaofikia takribani mita za mraba 1,000, na uso huo ndio unaoinasa sumu. Ya jikoni hutia mdomo weusi tu na kumpalia mgonjwa.

Kumtapisha ni jambo ambalo watu hulishikilia kwa nguvu, na lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenye masharti makali. Husaidia endapo mbwa amekula ndani ya saa moja au mbili zilizopita, bado ana fahamu zake, hatukutiki, na alichokula si kitu kinachounguza kama jiki au asidi ya betri, wala si mafuta ya taa. Dawa nyingi za shambani za maji zimechanganywa na vimiminika vya jamii ya petroli, ambavyo vikipanda kooni huteremka mapafuni, kwa hiyo hata chupa isiyonuka mafuta inaweza kukuponza. Uamuzi wa kutapisha ni wa daktari, ana kwa ana au kwa simu, na paka asitapishwe nyumbani kwa vyovyote.

Njiani, mlaze mnyama ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko kifua ili ute utoke nje, na ufute mdomo wake kwa kitambaa. Usimfunge mdomo mbwa anayetapika. Kama mwili wake una joto kali kwa sababu ya kutukutika, mloweshe kwa maji ya kawaida na kumpepea. Kama anakakamaa kila anaposikia kelele au kuguswa, inawezekana amekula sumu iitwayo strikinini, na hapo giza, utulivu na shuka juu ya macho vitamsaidia kuliko kubembelezwa. Wengi wetu usafiri wetu ni bodaboda, na mbwa mkubwa hubebwa vizuri zaidi akiwa ndani ya gunia lililokatwa likawa machela, mtu wa pili akimshikilia nyuma, kichwa kikiwa wazi. Piga simu kabla hujaondoka, maana kumfikia daktari aliyekwenda kuchanja ng'ombe kijiji kingine ni kupoteza saa usiyokuwa nayo.

Hapo ndipo hali yetu ya mikoani inapotofautiana na ya Kampala. Kule kuna kliniki za wanyama wadogo, na Chuo Kikuu cha Makerere kina koleji yake ya tiba ya mifugo, lakini sisi tulio zaidi ya kilomita 200 kutoka huko tunao madaktari waliozoea ng'ombe na mbuzi. Nimewasikia watu wakiwadharau kwamba hawajui mbwa, na dharau hiyo si ya haki. Daktari wa ng'ombe amekutana na sumu ya dawa za kupe mara nyingi, na mara nyingi ndiye mtu wa karibu mwenye atropini. Muulize leo, wakati mnyama wako ni mzima: je, unayo atropini, unayo K1, unapatikana usiku, na usipopatikana nimpigie nani? Andika namba hizo ukutani, mahali ambapo mfanyakazi na watoto wataziona.

Sumu nyingine haikuliwa kwa bahati mbaya. Mbwa wa ulinzi anapokutwa asubuhi ametapika kipande cha nyama ambacho hakikutoka jikoni kwako, fikiria kwamba kuna mtu anaipima nyumba yako, kwa kuwa wezi huwaondoa mbwa kwanza kisha hurudi usiku huo au unaofuata. Mwarifu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani mapema iwezekanavyo, si kwa ajili ya lawama bali ili nao wawafungie mbwa wao na wakeshe macho wazi. Nyama iliyobaki usiitupe: ifunge kwenye kavera mbili, uandike tarehe na mahali ilipookotwa, uihifadhi kwenye barafu mbali na chakula cha watu, kisha uikabidhi polisi. Uchunguzi wa sumu hufanywa katika maabara ya serikali ya uchunguzi wa kemikali iliyoko Wandegeya, Kampala, na sampuli iliyopitia polisi ndiyo itakayosimama mahakamani. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo tangu kabla ya Uhuru wa 1962. Wako watakaokwambia kwamba ni mbwa tu, afande ana kazi nyingine. Shikilia kwa adabu uandikishiwe malalamiko, kwa sababu mtu anayemwaga sumu njiani wanakopita watoto wa shule amefanya kosa dhidi ya mtaa mzima.

Ikiwa mnyama amekufa, kazi haijaisha, na naomba jambo hili lisipuuzwe na mtu aliyevunjika moyo. Mzoga wenye sumu ni chambo kipya. Mwezi wa Aprili 2018 simba 11, wakiwemo watoto 8, walikufa kwa sumu katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth karibu na kijiji cha Hamukungu, na mwezi wa Machi 2021 simba wengine 6 walikutwa wamekufa upande wa Ishasha, na karibu nao wakakutwa tumbusi waliokufa pia. Mtaani kwetu hatuna simba, lakini jalalani tunao korongo wale wakubwa, kaloli, na mbwa wasio na kwao, na nguruwe wa jirani. Mzike mnyama wako katika shimo refu, linalofikia kifua cha mtu, mbali na kisima na bustani ya mboga, umfunike kwa mawe kabla ya udongo ili asifukuliwe. Kama kuna kesi au shaka ya kichaa, ngoja kwanza daktari wa mifugo wa wilaya aseme kama anahitaji sampuli. Matapishi na kinyesi vizikwe pamoja naye, bakuli lake litobolewe na kuzikwa humohumo, sakafu ioshwe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu, na kuku wasifunguliwe mpaka uani pawe pamekaguliwa pote mchana, kuanzia ukuta hadi ukuta.